Siku mwalo mzima ulipoficha mizani

Wakuu, kama kijiweni kwenu kuna mtu anaitwa Profesa na hajawahi kufundisha hata chekechea, mkimbieni mapema kabla hajawatafsiria kitu.

Mi naendesha bajaji hapa Mwanza, napiga sana Kirumba, Pasiansi mpaka airport, na katika hangaika hizo nikapata mteja wa kudumu, mama mmoja wa Kiingereza, mtu mzima, mpole, anatengeneza urembo wa mikono, hereni, maua ya kubandika kwenye kofia, vitu vya namna hiyo. Kiswahili chake kinaishia asante sana, Kiingereza changu kinaishia no problem, kwahiyo tulikuwa tunaelewana vizuri kabisa mpaka jioni moja akanitumia meseji ndefu.

Nikaipeleka kijiweni. Profesa akaisoma kwa sauti, akavua miwani akavaa tena (ile miwani ni ya jua), akatoa hukumu: mama anataka "scales", kubwa kubwa, nyingi kadiri nitakavyopata, zioshwe vizuri, na atalipa kwa kilo.

"Scales ni nini sasa?"

"Mizani," akasema hata chai hajameza.

Hapo ndo kijiwe kikawaka. Mwalimu mstaafu wa jiografia akasema hapana, skeli ni ya ramani, moja kwa elfu hamsini, kafundisha hiyo mpaka nywele zimeisha. Mwalimu wa kwaya akasema acheni kupotosha watu, skeli ni do re mi fa so, akataka na kuimba tukamzuia. Dogo mmoja wa halmashauri akauliza hizo skeli za mshahara wa serikali ni za TGS ngapi, maana kama kuna mama anagawa skeli kubwa kubwa basi jina lake litangulie.

Mi nikauliza swali la mtu mwenye akili, kwamba nani ananunua mizani kwa kilo? Profesa akacheka ile ya kunionea huruma. "Chuma chakavu shemeji. Wenzetu wanapenda vitu vya zamani, anaenda kupamba sebule." Na kuosha? "Wewe mzani wa samaki ulishawahi kuunusa?" Na kwanini nyingi? "Kuna s mwishoni. Scale moja, scales nyingi. Hiyo ni darasa la tano." Yaani kila upande nikigusa jamaa ana jibu, sa mtu kama huyo unambishia vipi.

Asubuhi nikaenda mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, huku huku upande wa Ilemela, jina la mwalo naliacha maana bado nanunua samaki pale na wananipunja vya kutosha. Nikavaa shati la kuchomekea nionekane mtu wa biashara, nikashika daftari na peni. Hilo daftari ndo lililoniponza.

Nikafika kwa mama wa kwanza, mwangaluka mama, naomba niuone mzani wako. Akaniangalia kuanzia viatu. Nikamuuliza ni wa mwaka gani, unapima mpaka kilo ngapi, nikaandika. Nikaenda kwa wa pili, nikaugeuza mzani nyuma nione kutu, nikaandika. Kufika kwa wa tatu naona meza ina samaki, ina kisu, ina ndoo ya maji, mzani hamna, na mama mwenyewe amekaa juu ya kitu kirefu kimefunikwa kitenge, amenyooka mgongo na hataki kuinuka hata mteja akimwita.

Kumbe nyuma yangu neno limeshatembea: vipimo wamekuja. Na mnajua Wakala wa Vipimo wana kazi ya kupita kuhakiki mizani, iliyo sawa inapata stika na iliyochezewa mwenyewe anaenda kueleza, sasa watu wameona kijana kachomekea, ana daftari, anageuza mizani, wewe ungewaza nini? Mama wa dagaa akazika wake kabisa ndani ya beseni la dagaa, ukabaki mkono mmoja wa chuma unanisalimia. Mzee wa sangara nikamuuliza mzani uko wapi akaniambia yeye siku hizi anauza kwa macho. Jirani yake akadhani mi ni afisa uvuvi, akatupa turubai juu ya vile visangara vyake ambavyo hata mtoto angeona havifiki sentimita hamsini za sheria.

Halafu kuna jamaa mmoja, mzani wake unajulikana pwani yote, ukipima kilo ukifika nyumbani ni robo tatu. Huyo sikumfikia hata. Nilisikia tu injini ya mtumbwi inanguruma, kuangalia, jamaa amesimama katikati kaukumbatia mzani wake kama mtoto mchanga, anatokomea.

Na kuna mama alinisogelea polepole, akanishika mkono, akaniwekea sato wawili kwenye mfuko, "kaka yangu, za watoto." Nikapokea kwa mikono miwili nikamshukuru sana, moyoni nasema Wasukuma ni watu wakarimu jamani. Hao sato nilikula, siwezi kuwarudisha.

Waaminifu wachache walioelewa kwamba nanunua wakaniuzia mibovu yao, ile ya saa, inayoning'inizwa, kwa bei ya chuma chakavu. Nikaipeleka kwenye maji, nikaipiga sabuni ya unga na limao, brashi mpaka ndani ya kioo. Ikang'aa gete. Nikaipanga kwenye siti ya nyuma ya bajaji, nikampigia mama aje palepale mwaloni, maana kuna mizani yenye ndoano sitaki inichanie siti njia nzima.

Mama akaja na kikapu. Akachungulia ndani ya bajaji. Akaniangalia. Akachungulia tena. Akasema kitu kirefu chenye sauti ya upole, mi nikajibu no problem. Akatikisa kichwa, akaanza kufanya ishara za samaki, vidole vinaparua hewani, mi nikajua anauliza mizani hii ilipimia samaki gani, nikamwambia sato, sangara, all.

Sasa pembeni yetu kulikuwa na akina mama wa kuparua sato, unajua wanavyofanya kazi wale, kisu kinapita kutoka mkiani kwenda kichwani na magamba yanaruka kila upande, yanatua kwenye nywele, kwenye chai, popote. Mama wa Kiingereza akanitazama usoni, akanyamaza, akanyoosha mkono taratibu akabandua kitu kwenye paji la uso wangu. Akakiinua juani. Kinang'aa.

"Scales!"

Gamba. Gamba la sato, na lilikuwa usoni kwangu tangu asubuhi nazunguka nalo nikitafuta mizani. Akina mama wale walivyoelewa, mmoja ilibidi aweke kisu chini.

Kumbe anayaosha, anayakausha, anayatia rangi, anatengenezea petali za maua. Akatuonyesha hereni alizovaa, na kweli ni magamba, huwezi kujua mpaka uambiwe.

Baadaye Mwalimu mstaafu alitoa kamusi yake nene akatusomea kwamba hapo kuna maneno matatu yamevaa sura moja. La mizani lilitoka kwa watu wa kaskazini huko Skandinavia, kwao lilikuwa bakuli, na mizani ya kale si ilikuwa na mabakuli mawili yananing'inia, ndo maana Mwingereza hata mzani mmoja anauita scales, Mmarekani yeye kaona ni usumbufu anasema scale basi. La samaki limepita Ufaransa likimaanisha ganda. La ramani na la muziki ni la Kilatini, ngazi, na mshahara ukapandia hapohapo. Hata ule ukoko mweupe ndani ya birika wanauita hivohivo. Kwahiyo kijiwe kizima kilikuwa sahihi, hata Profesa na ile s yake, na mi nikabaki na bajaji imejaa vyuma. Profesa alipoona kamusi akasema ndicho alichokuwa anamaanisha.

Turudi mwaloni. Magamba ambayo dakika kumi nyuma yalikuwa yanafagiliwa kuwapisha korongo, ghafla yakapata wenyewe. Mama mmoja akakunja kanga akazuia kipande chake cha sakafu, huku ni kwangu, huko ni kwako. Viroba vikatafutwa, vikajazwa, na mama wa Kiingereza akafungua pochi, akasema kilo. Neno hilo kila mtu alilielewa.

Haya, mzani uko wapi?

Tukatazamana. Ile yangu iliyooshwa maji yalikuwa yameingia ndani, mishale imeganda, mmoja ukiuning'inizia kiroba unasoma sifuri, mwingine bila kitu unasoma kilo nne. Mama wa kitenge akaapa hana. Mama wa dagaa akaapa hana, na ule mkono wa chuma bado uko nje. Nikawaeleza mi sio vipimo, mi ni wa bajaji, wakasema ndiyo, ndiyo, wa bajaji, na hakuna aliyeinuka.

Ikabidi yule mzee wa kuuza kwa macho aitwe, ainue kiroba, afumbe jicho moja, aseme kilo sita. Akina mama wakasema nane. Mwisho tukakubaliana kwa ndoo.

Mmoja akampigia simu yule jamaa wa mtumbwi amwambie arudi hakuna ukaguzi, watu wanauza magamba kwa mzungu. Akaweka sauti kubwa tusikie wote. Jamaa akakaa kimya kidogo, halafu akasema wamwambie huyo afisa mzani hana, hajawahi kuwa nao, na tena yeye biashara yake ni maandazi.