Hakukuwa na helikopta, kulikuwa na pilipili

Jamani naomba nilinyooshe hili jambo kabla sijalala maana tangu jana usiku simu haitulii. Hakuna helikopta iliyokuja. Hakuna zimamoto. Sikukatwa nguo kwa mkasi. Yule jamaa yangu wa Mombasa karekodi voisi ya dakika saba kaitupa kwenye grupu la watu wa pwani tulioko huku Leeds, Uingereza, na kwenye hiyo voisi mimi nimeshazikwa, imebaki hitma tu.

Ukweli wenyewe una aibu zaidi, ila bora niuseme mwenyewe.

Mnakumbuka mwezi wa kumi nilivyojiunga na klabu ya mapango pale chuoni. Wazungu wakaniuliza una uzoefu? Na mimi na mdomo wangu nikawaambia mimi mtoto wa Tanga, mapango ya Amboni pale ni kama uani kwetu, nikawapa na stori ya Osale Otango alivyojificha mle miaka ya 50 serikali ya mkoloni inamsaka, nikawapa na ya yule mbwa anayesimuliwa kuwa aliingia Amboni akaja kutokea Kilimanjaro. Wakaandika kwenye fomu: mzoefu. Nisichosema ni kwamba Amboni nimeenda mara mbili, zote safari ya shule, mle unatembea umesimama wima, mwongozaji mbele na tochi, popo juu, ukitoka nje unarudi kwenye basi mnaimba.

Basi Jumamosi tukaenda Selside, kule Yorkshire Dales, pango linaitwa Long Churn. Desemba hii. Nyie mlioko Dar mnaolalamika kiyoyozi cha ofisini kikali, nyamazeni. Nyunyu haikatiki, upepo unapiga ubavuni, mlima Ingleborough upo pale pale lakini umemezwa na wingu wote, na saa kumi jioni jua linazama, kama lilichomoza. Kiongozi wetu, binti mmoja mwembamba hana hata miaka ishirini na mbili, akasimama kwenye mlango wa pango anaangalia maji, akasema mvua kubwa ilipita juzi, ya leo tunaimudu, ila maji yakipanda au yakibadilika rangi tunageuza bila mjadala. Na kuna mtu kaachwa nje na saa, tusipopiga simu kufika saa kumi na moja anawaita waokoaji. Kusikia neno waokoaji tumbo likaniunguruma, nikatabasamu kizoefu.

Sasa mavazi. Unavaa ovaroli la manyoya ndani, kama mtoto mchanga, juu yake ovaroli zito lisilopitisha upepo, gambuti, helmeti yenye taa. Wakasema inatosha, mle ndani ni kama nyuzi 8 mwaka mzima. Mimi na nyuzi 8 wapi na wapi, nikaongeza jaketi la sponji kwa siri. Na ndani ya jaketi, hapa kifuani, nikachomeka chupa ya plastiki ya pilipili ya ukwaju ya mama, ile aliyonitumia na mtu. Msiniulize kwanini. Sandwichi za klabu mnazijua? Hamzijui. Basi niacheni.

Lisaa limoja la kwanza nilikuwa simba. Maji ya magotini, baridi inaingia kwenye gambuti inakaa humo humo kama mpangaji, mimi nasema tu hii kawaida, Amboni hivi hivi.

Tukafika sehemu inaitwa Cheese Press, mashine ya kubania jibini. Jina tu lilitosha kunirudisha nyumbani. Ni mwamba wa chini na mwamba wa juu, bapa kwa bapa, katikati kaupenyo, kwa macho yangu kama futi moja hivi. Kiongozi akasema kuna njia nyingine pembeni, anayetaka apite huko, hakuna ubaya. Akaniangalia mimi: wewe mzoefu, utapita hapa, eeh?

Nikasema eeh.

Mmombasa wangu, yule yule wa voisi, mwembamba kama mswaki, akateleza fyuu akatokea upande wa pili. Mimi nikalala kifudifudi. Kichwa lazima ukilaze upande maana helmeti haiingii ikiwa wima, mkono mmoja mbele, mwingine nyuma, shavu kwenye jiwe lenye maji. Unasukuma kwa vidole vya miguu. Nikasukuma. Nikaenda kidogo. Nikasukuma tena. Kifua kikagusa juu na chini kwa pamoja, nikasema sawa, nitoe pumzi nipungue kama walivyofundisha. Nikatoa pumzi. Nikasogea inchi mbili, nikavuta pumzi. Hapo ndo nilipokosea, kwa sababu nilivyojaa hewa nikabana kama kizibo, siendi siendeki, sirudi sirudiki, na katika kile kimya nikasikia kifuani sauti ndogo: tap.

Kifuniko.

Mwanzoni ni kaubaridi tu kanatambaa, nikajua maji. Kakapanda shingoni. Kakafika kidevuni nilipojikata asubuhi nikinyoa. Ndugu zangu. Ndugu zangu! Nilipiga ukelele ambao naamini walioko mwisho wa pango waliusikia. Kiongozi akamulika taa usoni kwangu akaona kitu chekundu kinachuruzika shingoni, rangi ikamtoka, akauliza kwa sauti ya upole ile ya hospitali, unaumia wapi? Na mimi Kiingereza chote kimehama, nalia tu "moto, moto," kwa Kiswahili, chini ya ardhi, kwenye maji ya barafu. Akamgeukia Mmombasa, anasema nini? Huyu mwanaharamu akatafsiri: anasema anaungua.

Akanisogelea kuangalia jeraha. Akanusa. Akanusa tena.

"Hii ni... siki?"

Kimya. Alafu Mmombasa akaangua kicheko mpaka akakaa kwenye maji. "Ami, umekuja na pilipili pangoni? Ulitaka kumla nani?"

Na hapo hapo, nikiwa bado nimebanwa, jicho moja linachungulia pembeni, nikaona taa ndogo ndogo kumi na kitu. Watoto wa skauti. Wamepita ile njia ya pembeni, wamesimama mstari wananiangalia kama wako makumbusho. Kamoja kakauliza mwalimu wake, huyo amekwama? Mwalimu akajibu hapana, anapumzika. Mungu ambariki yule mama.

Nilitolewaje? Hamna cha ajabu, kamba ya utepe mkononi, mmoja anavuta, mwingine anasukuma gambuti, natoa pumzi, nimetoka kinyumenyume, jaketi la sponji limechanika, vipande vya sponji vinaelea kwenye maji kama tumechinja kuku. Nikapita njia ya pembeni. Sekunde thelathini. Unainama kidogo tu. Kurudi juu, kubadili nguo nyuma ya gari kwenye mvua, kulala mdomo wazi mpaka Leeds, yote sikumbuki.

Mama kapigia leo alfajiri, voisi imeshafika Chumbageni, mtaani kwetu Tanga. Nikajua ataniuliza hali. Akauliza, yote imemwagika? Nikamwambia yote. Akavuta pumzi ndefu, akasema ile ilikuwa ya ukwaju mpya.

Na sasa hivi mtunza vifaa wa klabu katuma ujumbe kwa wanachama wote. Kuna mgeni kajaribu ovaroli namba 14 kisha kajifuta macho, wanaomba aliyelivaa mwisho ajitokeze. Nililifua mara mbili wallahi.

Sijajibu.