Mchunguzi, Fundi na Hodi ya Ruta

Dogo alinipa simu yake bila hata salamu. Tulikuwa kibarazani Ngamiani, Tanga, barabara ya kumi na mbili, saa kumi jioni, kahawa imeshamiminwa. "Soma mwenyewe, kaka. Wamenikatalia."

Ilikuwa ripoti ya uchunguzi wa ombi lake la hataza, ile haki ya mvumbuzi kuwazuia wengine wasitumie uvumbuzi wake bila ruhusa. Dogo ni fundi wa mitandao. Mwaka juzi alipata kazi kwenye shamba moja la mkonge: kufunga vihisi kwenye kamba za kuanikia nyuzi, vipime unyevu, wasimamizi wajue zipi zimekauka kabla mvua haijaziwahi. Vihisi 12, kila kimoja na redio yake ndogo. Alipochoka kukizungukia kimoja kimoja juani na kompyuta mkononi, akatunga njia. Kihisi kinachowashwa kwanza kinakuwa mkubwa, kinavigawia vingine anwani, masafa na zamu ya kutuma taarifa. Kikifa, kinachofuata kwa namba kinashika usukani. Inafanya kazi, nimeiona kwa macho yangu. Mchunguzi wa ofisi ya hataza akajibu kwamba dai la kwanza, yaani jambo la kwanza analoomba dogo liwe haki yake, halina jipya, akataja maandiko mawili: makala ya mwaka 1982 na waraka wa mwaka 1993.

Baraza zima likawa upande wa dogo. Niliyoyasikia pale ndiyo ninayoyasikia kila vijana wa kompyuta wanapokutana: wachunguzi hawataki programu, wakiona neno kompyuta wanagonga muhuri wa kukataa, ukibuni jembe unapewa hataza, ukibuni namna ya vifaa kuzungumza unaambiwa hizo setingi tu. Malalamiko hayo yana ukweli ndani yake, nitaufikia. Ila ripoti ile niliisoma mara mbili, na hakuna mahali mchunguzi aliposema setingi haziwezi kuwa uvumbuzi. Alisema kuna waliotangulia.

Chukua huo waraka wa 1993. Ndio ulioeleza DHCP, kazi inayofanywa na ruta yako kila simu ngeni inapoingia nyumbani. Simu inafika kama mgeni asiyejua mwenye mji ni nani, inapiga hodi kwa sauti: "Kuna wa kunipa anwani?" Ruta inajibu, "Ninayo hii." Simu: "Basi nipe hiyohiyo." Ruta: "Chukua, lakini ni ya kukodi." Maneno manne, kufumba na kufumbua, na maelezo yake yako wazi tangu Oktoba 1993, asome anayetaka na atumie anayetaka. Makala ya 1982 ni ya Hector Garcia-Molina, aliyeonyesha jinsi kompyuta zilizounganishwa zinavyoweza kupata kiongozi mpya wa kwanza anapozimika: mwenye namba kubwa kuliko wenzake ananyanyuka na kujitangaza. Wenye fani wanaiita njia ya mbabe. Dogo hakuwahi kuisikia. Aliibuni upya peke yake, katikati ya mkonge, na kwa hilo namvulia kofia. Mchunguzi lakini hapimi kichwa cha mwombaji; anatafuta kama kitu chenyewe kilikuwapo.

Wanaosema wachunguzi wanaichukia kompyuta huwa nawasimulia kesi ya Comvik, iliyoamuliwa na bodi ya rufaa ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya Septemba 2002. Comvik ya Sweden ilikuwa na hataza ya kadi ya simu yenye vitambulisho viwili: kimoja unapigia simu za kazini, kingine za nyumbani, na gharama zinajitenga zenyewe. Sisi tunaotembea na laini mbili, moja ya jamaa na moja ya wadai, hatuhitaji kufafanuliwa. Bodi haikusema "hii ni programu, tokeni". Ilichuja. Kutenganisha gharama ni haja ya mhasibu, kwa hiyo haikuipa alama yoyote. Likabaki swali la kifundi: ukimwambia fundi wa GSM, mfumo wa simu za mkononi, kwamba unataka kadi moja ibebe vitambulisho viwili, atakwama? Hakwami. Hataza ikaanguka. Mchujo huo Ulaya wanao mpaka leo, na mwaka 2021 Bodi Kuu ya Rufaa iliukubali tena.

Wakiuona ufundi, wanatoa. Mwaka 2006 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ilikuwa mbele ya hataza ya Aerotel, ya kupiga simu kwa kulipia kabla, babu yake vocha ya kukwangua. Kulipia kabla ni biashara, na mbinu za biashara hazihesabiwi uvumbuzi kule. Hata Sheria yetu ya Hataza ya 1987 inaziweka nje. Lakini Aerotel waliongeza kituo maalumu cha kuunganishia simu ambacho mtandao wa zamani haukuwa nacho, na mahakama ikasema huo ni mfumo mpya. Ombi lililosikilizwa pamoja nalo, la kuandaa kwa kompyuta nyaraka za kusajili kampuni, likakataliwa.

Sasa upande wa dogo, maana naye ana mashahidi. Kampuni ya Uniloc iliishtaki LG huko Marekani kwa hataza ya njia ya kuwasiliana na vifaa vidogo vya redio. Kifaa kikuu hutangaza kila mara kutafuta vifaa vipya. Wao wakaongeza nafasi ndani ya tangazo hilohilo ya kukiuliza kifaa ambacho tayari kinajulikana kama kina la kusema. Mpiga debe wa stendi ya Kange anafanya hivyo bila kujua: anapaza "Pangani! Pangani!" kutafuta abiria wapya, na kwa pumzi hiyohiyo anamwambia mama wa kikapu chekundu gari limejaa, apande. Mahakama ya kwanza iliona hilo ni wazo tupu. Aprili 2020 Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho ikalitengua: muda wa kusubiri umepungua, mawasiliano yenyewe yamekuwa bora, huo ni ufundi. Kwa hiyo ni kweli, kuna walioumizwa na jicho kali kupita kiasi, hasa Marekani baada ya hukumu ya Alice ya 2014, iliyosema wazo tupu haliwi uvumbuzi kwa kupitishwa tu kwenye kompyuta. Na kuna faida ya kulinda kazi ya kweli. CSIRO, shirika la utafiti la Australia, lilipata hataza mwaka 1996 ya kushinda mwangwi wa mawimbi ya redio ndani ya majengo. Wi-Fi ilipoenea, wakavuna zaidi ya dola za Australia milioni 430.

Hayo nayakubali. Ninachokiwaza mimi, na sijaona wanaolalamika wakikigusa, ni nani atakabwa pale hataza ya njia inapotolewa kirahisi.

Hataza ya kifaa ina mlango wake. Ukinunua ruta halali dukani, mwenye haki ameshapata chake kwenye bei. Ifunge popote utakapo. Hataza ya njia inamfuata anayeitenda, na mtendaji wa kwanza wa njia ya kuseti mawasiliano ni fundi. Mfuate dogo siku moja. Asubuhi yuko kwenye zahanati Chumbageni, mchana gesti ya Raskazone, jioni duka la jumla. Akifika nyumbani ameseti ruta 3, kamera 11, printa 2 na mashine ya risiti 1. Vifaa 17, na kila kimoja kimepiga ile hodi yake. Sasa fikiria zile salamu nne mtu angezikatia hataza, na ofisi ikampa kwa kuwa hakuna aliyekwenda kutafuta kama zilikuwapo. Dogo angekuwa amevunja haki ya mtu mara 17 kabla ya magharibi. Na anwani ni ya kukodi: muda wa kodi ukifika nusu, kifaa kinaomba kuongezewa. Ukiweka kodi ya saa 24, kila baada ya saa 12 zile kamera za Raskazone zinaomba tena, fundi akiwa amelala fofofo. Nani anavunja haki hapo? Fundi? Mwenye gesti? Mgeni wa chumba namba 6 aliyewasha simu kuangalia matokeo ya Coastal Union? Wanasheria watakula miezi kulijibu swali hilo, na dogo hawezi kumlipa wakili hata wa wiki moja.

Tena asidhani mlango ukilegezwa atakayeingia wa kwanza ni yeye. Hataza huanzia na kuishia kwenye nchi iliposajiliwa, lakini kupitia ARIPO, shirika la miliki ubunifu la kanda ya Afrika lililoko Harare, ombi moja linaweza kuigusa Tanzania pamoja na nchi nyingine wanachama, na maombi mengi yanayofika kule ni ya kampuni za nje ya bara hili. Zina mawakala, zina pesa, zina makabati ya maombi tayari. Anayezipunguza kasi ni yule yule mchunguzi anayetukanwa vibarazani.

Afrika Kusini ilitoa mfano mwaka 2021. Ofisi yao ilikuwa inakagua fomu bila kuingia ndani ya uvumbuzi, ikasajili hataza iliyomtaja mvumbuzi kuwa ni mashine, programu iitwayo DABUS. Uingereza ombi la namna hiyo lilikataliwa hadi Mahakama ya Juu, Desemba 2023. Watu walicheka. Mimi nilijiuliza ni njia ngapi za kawaida kabisa zimepita mlango huo bila kuchekwa na mtu.

Wapo wanaosema tungoje, kwa kuwa nchi maskini zaidi, nasi tumo, zimepewa hadi tarehe 1 Julai 2034 kabla ya kubanwa na sehemu kubwa ya TRIPS, mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu haki za wabunifu. Sioni muda huo unamzuia vipi mtu kufundisha wachunguzi leo.

Nilimrudishia dogo simu nikamwonyesha ukurasa wa tano. Alikuwa ameishia wa pili, palipoandikwa kwamba dai la kwanza halina jipya. Kwenye ukurasa wa tano mchunguzi alikuwa akizungumzia dai la saba. Nyuzi zilizolowa humeza mawimbi ya redio, kwa hiyo kihisi kilichozungukwa na nyuzi mbichi husikika kwa shida. Dogo aliutumia udhaifu huo kupangia zamu: kinachosikika kwa shida kinapewa muda mrefu wa kutuma, na kinachoanza kusikika vizuri kinahesabiwa kuwa nyuzi zake zinakauka hata kabla hakijasema lolote. Aliliweka mwisho mwisho kwa sababu aliliona jambo dogo. Kuhusu dai hilo mchunguzi aliandika kwamba hakupata andiko linalolitangulia, na kwamba mwombaji anaweza kuyaandika upya madai yake juu ya msingi huo.

"Hili la saba?" akauliza. "Hili si nililifanya kwa sababu betri zilikuwa zinaniishia?"

Tulihesabu siku za kujibu. Zimebaki 40. Akaomba kalamu kwa muuza kahawa.