Mjomba alidhani karogwa

Makala yenu kuhusu tezi dume na uzazi yameeleza vizuri, ila suala la dawa mmelipita mbio. Mjomba wangu hapa Majengo alipewa tamsulosini, dawa ya tezi dume iliyotanuka, maana usiku akiamka kukojoa mara tano. Mkojo ukafunguka, lakini shahawa akawa hazioni. Akanyamaza miezi, akidhani karogwa! Kumbe dawa ile hulegeza misuli ya shingo ya kibofu, na shahawa huweza kurudi nyuma kibofuni au zisitoke kabisa. Aliyemwandikia hakumwambia neno, naye bado ataka mtoto kwa mke mdogo. Alipobadilishiwa dawa, mambo yakarudi. Siku hizi barazani, kahawa mkononi, yeye ndiye anayewauliza wazee wenzake wameandikiwa dawa gani.