Muvi ya mapenzi ya wazee, mzee wetu aondoke na presha

Mpango mzima ulikuwa wa dada yangu, hilo niliweke wazi mapema maana yeye akihadithia anasema "tuliamua". Shangazi yetu ni nesi mstaafu, mjane, watoto wake wako mbali wanapiga video kol wakikumbuka. Halafu kuna huyu mzee, naye mgane, dereva mstaafu, anapitaga pale nyumbani eti kusalimia tu, salamu inaanza jua likiwa juu inaisha giza limeingia. Sisi wote tunaona. Wenyewe ndo wanajifanya hawaoni, "habari za tangu juzi mzee", "njema bibie", kisha kila mtu anakodolea ukuta.

Basi dada akaibuka na muvi ya Iran, inaitwa My Favourite Cake. Bibi wa miaka 70, Mahin, mjane anaishi peke yake Tehran, alikuwa nesi, binti yake yuko nje ya nchi, siku hiyo yuko kwenye mgahawa wa wastaafu anamwona mzee Faramarz, dereva teksi, naye hana mtu, basi bibi anamfuata mpaka kijiweni kwake anapanda teksi yake na anamkaribisha nyumbani usiku huohuo. Dada anapiga makofi, "yaani ni wao kabisa, nesi na dereva! Wakiiona hii watafunguka wenyewe." Nikamuuliza inaishaje. Vizuri tu, akasema, wanacheza muziki, wanacheka. Kumbe mwenzangu alisinzia hapohapo kwenye kucheza muziki.

Jioni ikafika, wazee wakakaa, dada akatoa hotuba. Akawaambia walioitengeneza ni mtu na mume wake, Maryam Moghaddam na Behtash Sanaeeha, wakanyang'anywa pasipoti, muvi yao ikaonyeshwa kwenye tamasha la Berlin 2024 wao wamebaki kwao, maana humo ndani mama anaonekana hana hijabu, kuna mvinyo, kuna kucheza na mwanaume asiye mumewe wala ndugu yake. Mzee akasikitika kweli. "Watu wazima kucheza muziki tu, ndo pasi ichukuliwe?"

Sasa muvi yenyewe ni ya Kifarsi, maandishi chini ni ya Kiingereza, na shangazi hajaja na miwani. Mzee anayo ila anasema ni ya gazeti, TV haifiki. Nikakalishwa katikati yao kwenye kochi kama mshenga asiyelipwa, nitafsiri. Jamani, msiombe. Kuhabarisha mambo ya polisi wa maadili sijui wanakamata wasichana kwenye bustani, hapo niko vizuri, natiririka. Bibi alipoanza kumwambia yule mzee laini laini sasa, mimi nimwambie nani? Nikimgeukia shangazi, nimemtongoza shangazi yangu, dada wa baba. Nikimgeukia mzee ndo balaa kabisa. Nikaamua niangalie feni, nawaambia kwa juu juu, "hapo wanaongea mambo ya afya". Mzee akasema "sema kwa sauti kijana, sikio hili halishiki."

Ila ilikuwa inakolea bwana. Jirani mbea wa Mahin alivyogonga mlango eti kasikia sauti ya kiume, shangazi akasonya, "hawa wako kila nchi." Faramarz akatengeneza taa za bustanini zilizokuwa hazifanyi kazi, shangazi akasema huku anaangalia vidole vyake kwamba hata ya kwake ya nje ilishakufa siku nyingi. Mzee akakohoa, akasema "taa si jambo la kukusumbua, nitakuja kuiangalia." Dada huko nyuma ya kochi akanifinya bega mpaka leo linauma.

Wakacheza muziki, wakacheka. Dada akanong'ona "hapa ndo mwisho." Naangalia, muvi bado inaenda.

Muda huo huo simu ya mzee ikalia, alamu ya dawa yake ya presha, anamezaga saa tatu kamili. Akatoa kidonge, akakiweka ulimini, glasi ya maji mkononi, akainua macho kwenye TV. Faramarz kalala kitandani. Mahin anamwita. Anamwita tena. Haitiki.

"Vipi huyu?" mzee akauliza, kidonge kiko shavuni.

"Amelala tu," nikasema. "Kachoka kucheza."

Shangazi kafanya wodini maisha yake yote. "Huyo amekufa," akasema, kisha akamgeukia mzee wetu, akamtazama kuanzia kifuani akipanda. Mzee akameza bila maji.

Nikasema labda waizime maana ni usiku. Hakuna aliyenisikia. Likaja shimo bustanini. "Na hapo?" Nikasema wanapanda mti. Shangazi akaniuliza ni mti gani huo unataka shimo la urefu wa mtu, mimi kimya, dada kashaenda jikoni eti kuna maji yanachemka, tena hakuna jiko lililowashwa.

Mzee alikaa kidogo. Akasema, "Sasa naelewa kwa nini waliwachukulia pasi."

Akachukua kofia. Shangazi akamsindikiza hadi mlangoni, akamwambia kwa upole kabisa, "ile taa mzee usiiguse, nitaita fundi." Mzee akajibu hata yeye alikuwa anaelekea kusema hivyohivyo.

Tulijua imeisha hiyo. Ila kumbe shangazi usiku ule alikosa usingizi, alfajiri akapiga simu kuhakikisha mtu kaamka, na sasa imekuwa kila siku, saa tatu anampigia kumuuliza kameza dawa au hajameza, presha imesoma ngapi, wanaongea mpaka simu inapata moto. Dada anatamba mpango wake umefaulu. Na mwisho wa ile muvi hajauona hadi leo.