Nyumbani nilikuwa muuguzi wa kila kitu

Stashahada niliyoipata Kenya ina kila kitu ndani: wagonjwa wa wodini, ukunga, afya ya akili na afya ya jamii. Nikapangiwa zahanati yenye wauguzi wawili tu. Asubuhi nachanja watoto, mchana nashona vidonda, jioni nagawa dawa, usiku nagongewa mlango kwamba kuna mama ameshikwa na uchungu.

Nilipofika Uingereza nikasajiliwa kuwa muuguzi wa watu wazima. Basi. Huku uuguzi umegawanywa mafungu manne: watu wazima, watoto, afya ya akili, na watu wenye ulemavu wa kujifunza. Wakunga wana sehemu yao kwenye sajili. Mimi niliyezalisha akina mama hadi nikaacha kuhesabu, sasa sikuruhusiwa kuzalisha hata mmoja. Niliona nimepunguzwa, na sitajifanya sikuumia.

Ila kuna jambo nililikuta huku ambalo nyumbani sikuwahi kuliona: kuhama kazi bila kuhamishwa. Mwaka wa nne wodini, zamu zenye urefu wa saa kumi na mbili zilinimaliza mgongo. Nikaona tangazo la nafasi kwenye kliniki ya kisukari, nikaomba, nikahojiwa, nikapata. Baadaye nikasomea kuandika dawa. Tangu 2006 muuguzi mwenye sifa hiyo anaweza kuandika karibu dawa yoyote iliyo ndani ya ujuzi wake. Nilipojifungua nikaomba siku tatu kwa wiki, nikakubaliwa. Wenzangu niliokuja nao mmoja yuko kwenye utafiti, mwingine anafundisha, mwingine anahudumia wafungwa. Wote bado ni wauguzi.

Nyumbani nina rafiki aliyejilipia masomo ya uuguzi wa figo. Aliporudi kazini alipangiwa kliniki ya watoto, mshahara uleule. Miaka miwili mashine za kusafisha damu anazisikia tu kwa wenzake. Hapa ndipo ninapogombana na wanaosema tunakimbia kwa sababu ya pesa. Pesa zimo, nani atakataa? Lakini mtu akisomea ujuzi na asipewe mahali pa kuutumia, hata ukimwongezea mshahara ataendelea kuangalia mlango.

Huku nako sikupambi. Zile zamu za ziada za kujichagulia zinazosifiwa, wengi wetu tunazifanya siku zetu za mapumziko, maana kodi ya nyumba iko huku na karo za wadogo ziko kule. Na kila miaka mitatu lazima uthibitishe saa 450 za kazi na saa 35 za mafunzo ya kujiendeleza, la sivyo jina linatoka kwenye sajili.

Tena ule upana wa nyumbani ndio unaonibeba. Mgonjwa wa kisukari anayeacha kujidunga insulini si lazima awe amesahau. Pengine amekata tamaa ya kuishi. Namuuliza waziwazi kuhusu usingizi wake na mawazo yake kwa sababu nilipita wodi ya akili nikiwa mwanafunzi, na cheti changu cha huku hakilitaji hilo popote.

Ukunga ndio sijaurudia. Kuusajili huku ni safari nyingine, na nimeiahirisha mara tatu. Ni miaka tisa sasa tangu nipokee mtoto kwa mikono yangu.