Prosesa ya kompyuta, i5-2400 au i3-3220? Mi ninazo zote mbili, ngoja niwaambie

Kwanza tuelewane kitu kimoja, huku kwetu mtu akisema sipiyu anamaanisha lile boksi zima la kompyuta, ndo maana ukienda Kariakoo ukauliza sipiyu bei gani unaletewa boksi na kitambaa cha kufutia vumbi juu yake. Leo siongelei boksi, naongelea kile kidude chenyewe kilichojificha chini ya feni, prosesa, maana kila wiki kuna mtu anasimama hapa kaunta ananiuliza dada nichukue ipi, i5 ya kizazi cha pili au i3 ya kizazi cha tatu, na hela aliyonayo ni ile ile ya kuunga unga.

Mi nina steshenari Mabibo, wateja wangu wengi wanachuo, kazi zenyewe mnazijua, kuprinti, picha za pasipoti, kujaza fomu za mkopo mtandaoni, kadi za michango ya harusi. Nina mashine mbili zote mtumba wa Ulaya, moja HP Compaq 8200 Elite yenye Core i5-2400, nyingine HP Compaq Pro 6300 yenye Core i3-3220. Hii ya pili nilivyoenda kuichukua jamaa aliyeniuzia akaniambia, "Dada'angu hii ni kizazi cha tatu, hiyo uliyonayo ishazeeka, hii utaiona tofauti." Duka la pili tu kutoka pale mwenzake ananiambia achana na i3, i5 ni i5 tu. Wote wawili walikuwa wananiuzia namba, hakuna aliyeniambia kilichomo ndani.

Kilichomo ndani ni hivi. i5-2400 imetoka mwaka 2011, ina kore nne za kweli (kore ndo wafanyakazi wenyewe ndani ya prosesa), inakimbia gigahezi 3.1 na ikipewa kazi ya kore moja inajivuta mpaka 3.4, keshi (kumbukumbu ndogo ya haraka ya ndani ya prosesa, siyo ile ya pesa) megabaiti 6. i3-3220 imetoka 2012, kore mbili tu, gigahezi 3.3 muda wote haipandi, keshi megabaiti 3. Ila i3 ina ule ujanja wa Intel wa Hyper-Threading, kore moja kujifanya mbili, kwa hiyo Windows ukiifungua inakuonyesha nne, na hapo ndo watu wengi wanaliwa, wanaona nne wanadhani ni nne.

Fikiria saluni yenye vinyozi wawili na viti vinne. Kinyozi akimpaka mteja wa kwanza piko, wakati inakolea anageukia kiti cha pili anachonga ndevu, kwa hiyo kweli mnaenda haraka kuliko vinyozi wawili viti viwili, lakini siku ya Idi wateja wote wanne wanataka kunyolewa kichwa sasa hivi, mikono ni ya watu wawili tu. i3 ndo hiyo saluni. i5 ni vinyozi wanne kila mtu na kiti chake.

Sasa kwa kazi ya mtu mmoja mmoja, yaani unafungua Word unaandika, unaprinti, hizi mbili hutozitofautisha na mi nimejaribu, nilichukua SSD (diski ya kasi) ile ile nikaihamisha mashine moja kwenda nyingine, ram giga 8 kila moja, nikamwita mdogo wangu akae bila kumwambia ipi ni ipi, akakosea. Inaeleweka, maana kore moja ya i3 ni ya muundo mpya kidogo na ile ya i5 inajivuta mpaka 3.4, zinafutana. Tofauti inakuja msimu wa fomu za mkopo, nina Chrome tabo kumi na tano za watu tofauti, Photoshop imefunguka na picha za pasipoti, skana inasoma vyeti, halafu antivairasi nayo inaamua muda huo huo ndo ikague diski. Kwenye i5 unaona tu kila kitu kimekuwa kizito kidogo. Kwenye i3 mausi inaanza kurukaruka, unabofya, unasubiri, unabofya tena, halafu vyote viwili vinafunguka kwa pamoja na mteja anakuangalia usoni.

YouTube pia, na hili wengi hawalijui. Video nyingi za YouTube siku hizi zinakuja kwa kodeki (njia ya kubana video) ya VP9, na sehemu ya kuchora picha iliyomo ndani ya prosesa hizi, HD 2000 kwenye i5 na HD 2500 kwenye i3, haiifungui hiyo, inafungua ile ya zamani ya H.264. Kwa hiyo kazi yote inaangukia kore. Ukiweka video ya ubora wa 1080p ya fremu 60 kwa sekunde kwenye i3 huku kuna kitu kingine kinaendelea utasikia feni mpaka nje barabarani. Kuna viongezi vya Chrome vya aina ya h264ify vinavyoilazimisha YouTube ikupe H.264, ukikipata kimoja kiweke, utanishukuru. Na wale wa gemu mpya za mpira sina cha kuwaambia, zote mbili bila kadi ya picha mtaumia roho tu.

Umeme. Watu wanaipenda i3 kwa sababu imeandikwa wati 55 na i5 wati 95, wanasema LUKU itaisha haraka. Jamani hizo wati ni kipimo cha joto ambalo feni inatakiwa imudu prosesa ikifanya kazi mpaka mwisho, siyo kwamba inakula hivyo kutwa nzima, mashine ikiwa imetulia zinakaribiana sana. Hata tukikubali tofauti yote ya wati 40 kwa masaa kumi ni yuniti 0.4, kwa yuniti ya shilingi mia tatu hamsini hivi ni kama 140 kwa siku. Haifiki andazi. Achaneni na hiyo hoja.

Mpaka hapa i5 imeshinda, na kama ningeandika mwaka ule niliponunua ningeishia hapa. Ila nimekaa nazo muda nikagundua nilikuwa naangalia prosesa naacha bodi, ule ubao mkuu ambao prosesa inakaa.

Prosesa zote mbili zinakaa aina moja ya soketi (tundu la prosesa kwenye bodi), LGA1155, lakini bodi zake siyo moja. Hii 6300 ina chipuseti (chipu ya bodi inayoongoza tundu na diski) ya mfululizo wa 7, na hiyo ndo familia ya kwanza ya Intel kuja na USB 3.0 (USB ya kasi) yake yenyewe, kwa hiyo nyuma kuna zile tundu za bluu. 8200 haina. Mwanachuo akija na hadidiski ya nje anataka kuhamisha giga 40 mi namuweka kwenye i3 moja kwa moja, kwenye i5 tungelala hapo. Na kikubwa zaidi, bodi ya i3 inapokea i5-3470 ya mwaka 2012, kore nne za kweli, 3.2 mpaka 3.6, wati 77. Bodi nyingi za zamani za kizazi cha pili hazipokei kizazi cha tatu mpaka BIOS yake (programu ya bodi inayoiwasha mashine) iruhusu, na nyingine haziruhusu kabisa, kwa hiyo usinunue prosesa kwa kuona tu inaingia kwenye tundu. Windows 11 msinidanganye nayo, Microsoft wameanzia kizazi cha nane, na Windows 10 waliiacha Oktoba 14, 2025, hapo zote mbili ziko benchi moja, ya kwangu moja ishahamia Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows.

Kwa hiyo anayeniuliza kaunta namjibu hivi, i5 ikiizidi i3 bei kwa elfu ishirini na huna mpango wa kufungua boksi tena, chukua i5-2400. Tofauti ikifika elfu hamsini, au kama unaweza kushika bisibisi, chukua i3, hela iliyobaki weka SSD, na ukipata nyingine mbadilishie prosesa.

Mi mwenyewe nimefanya hivyo juzi. Nimepata i5-3470 kwa fundi mmoja, nikazima, nikafungua, pesti ya zamani ya kupitisha joto kwenda kwenye feni ilikuwa imekauka kama ukoko wa ugali, nikaikwangua na kadi ya benki iliyoisha muda. Kuweni makini hapo, zile pini ndogo ndogo ziko kwenye bodi siyo kwenye prosesa, ukipinda moja unaweza ukaua bodi, mi nilikuwa natoka jasho na feni ya dari inazunguka. Ikawaka mara ya kwanza. Ile i3 iko kwenye droo pamoja na stepla pini, anayeihitaji aje na hela ya soda.