Kila Jaribio na Hifadhidata Yake

Vijana wawili wa hapa Lamu wanaotunza programu ya kuwekea nafasi nyumba za wageni walibishana barazani: majaribio ya kuboresha hifadhidata, yaani ya kupima kama toleo jipya la programu linabadili majedwali ya data bila kuyaharibu, yafuatane juu ya hifadhidata moja, au kila jaribio liwe na yake?

Wa kwanza alishikilia mfuatano, na hoja yake si ya kupuuza. Hifadhidata ya mteja haianzi upya kila asubuhi. Imepita toleo la 3, la 4, la 5, na kila moja limeacha mabaki: safu tupu, tarehe zilizoandikwa ovyo. Jaribio linaloanzia pasafi halikutani na uchafu huo.

Mwenzake, aliyetaka kila jaribio na hifadhidata yake, alidhaniwa anakimbilia kasi tu. Lakini tuseme majaribio ni 40 na la 9 limefeli. Jedwali limebadilishwa nusu. La 10 linalikuta hivyo, linaanguka, la 11 vilevile, mpaka la mwisho: mistari 32 myekundu, na kosa huenda ni moja. Ni vichochoro vyetu hivi; punda aliyebeba mawe akigoma mtaa wa Langoni, walio nyuma wote husimama, na wa mwisho hajui sababu. Ukitaka kuchunguza la 31 peke yake, uendeshe kwanza 30 yaliyotangulia. Miezi miwili ya hayo, hakuna anayesoma ripoti tena. Watu hubonyeza "rudia" na kuomba dua.

Gharama ya kuunda hifadhidata kwa kila jaribio nayo hukuzwa. PostgreSQL, programu ya hifadhidata anayotumia mteja, huunda hifadhidata kwa kunakili nyingine iliyo tayari, bila kupitia upya hatua zote za nyuma, mradi tu asiwepo aliyeunganishwa na ile ya asili wakati wa kunakili. Baada ya hapo majaribio manne yaendeshwe kwa pamoja. Na uchafu wa mteja? Utiwe humo humo kwenye nakala ya asili, majina yakishafichwa.

Njia za mkato ndizo za kuogopa. Kubatilisha muamala, yaani kufuta kwa mkupuo mabadiliko yote ya jaribio, hufaa PostgreSQL; kwenye MySQL, programu nyingine ya hifadhidata, amri ya kubadili jedwali huuthibitisha muamala papo hapo, hapabaki cha kubatilisha. SQLite, hifadhidata ndogo inayoweza kukaa ndani ya kumbukumbu ya kompyuta, ni nyepesi mno, ila kwa kawaida hukubali maneno kwenye safu ya namba, ambayo PostgreSQL ya mteja itayakataa. Kasi hiyo siitaki.

Jaribio moja la mfuatano, kutoka toleo kongwe hadi jipya, ningelibakiza liende usiku. Wa kwanza alikubali, kisha akauliza nani ataitunza nakala ya asili kila toleo likitoka. Hilo bado wanavutana.